Muulize Mthamini: Bondeni tumebomolewa, tukajenge wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinanuka tope la Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Tangu nyumba zianze kuvunjwa kupisha mradi wa kuendeleza bonde la mto huo, naandikiwa na watu wa Magomeni Suna, Kigogo, Hananasif na Jangwani, na wengine ambao hawajawahi kukanyaga huko ila maoni wanayo.

Kwa asiyefuatilia: mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi zikaongeza zao, jumla ikafika dola milioni 260. Mto unapanuliwa na kuchimbwa upande wa chini, Jangwani panawekwa daraja la mita 390, karakana ya mabasi ya mwendokasi inahamishwa, na katikati ya bonde itakaa bustani kubwa ya jiji. Udongo unaochimbwa utainua ardhi ya pembeni ili ijengwe. Michoro nimeiona. Ina miti mizuri na watoto wanaoendesha baiskeli.

Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Mimi ni mthamini mstaafu. Si wakili, wala si msemaji wa mradi. Ninachojua ni namna nyumba ya mtu inavyogeuzwa kuwa tarakimu kwenye karatasi.

*

*Dada, asalaam aleikum. Nimezaliwa Magomeni Suna, nina miaka 61. Nyumba ni ya vyumba sita na korido katikati, aliijenga marehemu baba, mimi nikaongeza viwili vya uani. Umeme upo, maji ya bomba yapo, kodi ya jengo nimelipa na risiti ninazo. Walipokuja kuthamini, nyumba wakaipa bei, ardhi wakasema ni ya hatari, haina bei. Baada ya kelele nyingi tukaambiwa kila mmoja atapata milioni 4 za ardhi. Nimezunguka na madalali Chanika, Msongola mpaka Mbopo. Kiwanja cha milioni 4 kiko mbali na barabara na maji hakina. Ardhi niliyozaliwa juu yake inakosaje bei? Na je, nimeshasaini, bado nina la kufanya?*

Waalaikum salaam, kaka yangu. Nianze na hilo la bei, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria hiyohiyo inataja ardhi ya hatari, na ndani yake imo ardhi iliyo umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo ina mita 60 zake. Hapo ndipo waliposimama waliokuambia huna ardhi, na kwa maandishi tu hoja yao inaonekana imenyooka.

Shida inakuja ukifika Suna na futi kamba mkononi. Ukingo uko wapi? Mto wenyewe kila masika unahama, unakula upande wa huku na kumwaga mchanga upande wa kule. Nyumba ambayo baba yako aliijenga mbali na maji, leo maji yako mlangoni, na yeye hakusogea hata hatua. Tena sheria imeweka utaratibu wa kutangaza ardhi kuwa ya hatari: kuna taarifa, kuna waliomo kupewa nafasi ya kusema. Haitangazwi kwa mdomo wa mtu aliyekuja na daftari asubuhi.

Maoni yangu, na nayasema kama mtu aliyeifanya kazi hii: kuandika sifuri kwenye safu ya ardhi ilikuwa dhuluma. Ardhi hiyohiyo ikishashindiliwa udongo juu na kuchorewa barabara itakuwa na bei, na itakuwa bei ya katikati ya jiji, hatua chache kutoka Kariakoo. Haiwezekani ardhi ikawa haina thamani mikononi mwako, halafu ikawa nayo mara tu unapoondoka.

Hiyo milioni 4 nayo tuiite kwa jina lake, kifuta jasho. Uthamini unapima mita za mraba. Huu haukupima. Mwenye uwanja mkubwa na mwenye kibanda kilichobanwa ukutani kwa jirani wamepewa sawasawa. Bora kuliko sifuri, nakubali, na ilipatikana kwa sababu mlipiga kelele. Lakini usikubali mtu akuambie umelipwa thamani ya ardhi.

Kuhusu nyumba, tafuta nakala ya karatasi yako ya uthamini. Kama hukupewa, idai kwa maandishi na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Angalia kitu kimoja hasa: je, walikata uchakavu? Sisi wathamini tumezoea kukata. Nyumba ya tofali yenye nyufa na alama ya maji ukutani inashushwa bei kwa sababu imechoka. Masharti ya Benki ya Dunia, ambayo serikali iliyakubali ilipochukua mkopo, yanataka gharama ya kujenga nyumba ya aina hiyo leo, bila kukata uchakavu. Tofauti hiyo inaweza kuwa bati zima la nyumba yako, pengine na milango.

Halafu angalia posho ya usafiri. Kanuni zetu za fidia za mwaka 2001 zinakadiria mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Hesabu mwenyewe kama Magomeni mpaka Msongola ni kilomita 20. Kanuni ile iliandikwa kana kwamba mtu akihamishwa atapata pa kukaa mtaa wa pili.

Kusaini hakukufungi mdomo. Mradi una utaratibu wa malalamiko. Anzia hapo, upewe namba ya lalamiko, na namba hiyo uihifadhi kama hati ya nyumba. Ukizungushwa, Benki yenyewe ina dawati la malalamiko la watu walioguswa na miradi yake, na unaweza kuliandikia kwa Kiswahili. Usiandike hadithi ya ukoo. Andika nyumba namba fulani, ilithaminiwa tarehe fulani, nililipwa kiasi fulani, kasoro ni hizi. Na kama kati ya kuthaminiwa na kulipwa ilipita zaidi ya miezi sita, dai riba, sheria inakupa. Uthamini uliopita miaka miwili tangu uidhinishwe ulipaswa kufanywa upya.

Sasa kiwanja. Nakusihi usimlipe dalali mpaka mambo mawili yatimie. Kwanza, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji uliopitishwa, na kiwanja chako kwenye mchoro huo ni nini. Nimeona watu wakinunua barabara, nimeona mtu kanunua eneo la shule. Pili, nenda mvua ikinyesha. Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, jua kali, vumbi, kila kitu kinapendeza. Wewe rudi peke yako masika, uulize mama anayeuza genge jirani maji huwa yanapita wapi. Waliotoka Msimbazi zamani wengine wakaenda kuangukia kingo za Mzinga, Kizinga na Tegeta, na huko nako siku moja itakuja rangi nyekundu ya X ya kubomolewa.

*

*Shikamoo mama. Nilikuwa napanga chumba kimoja Kigogo, na mbele ya nyumba napika chakula, wateja wangu vijana wa gereji na bodaboda. Mwenye nyumba kalipwa, katupa wiki moja tutoke. Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita na imebaki minne, harudishi. Nimehamia kwa dada yangu Mbagala na wateja wote nimewaacha. Mimi simo kwenye karatasi yoyote?*

Marahaba, mwanangu. Unadai sehemu mbili, usizichanganye.

Kodi ya miezi minne ni deni la mwenye nyumba. Mradi hauhusiki. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mlikokuwa mkikaa, na mkataba au hata jumbe za simu za kutuma pesa, mkae mzungumze. Akikataa, Mahakama ya Mwanzo, kama deni jingine lolote. Amelipwa, pesa anayo, na akiitwa shaurini wengi wao hulipa kabla ya siku ya kusikilizwa.

La pili ni gumu zaidi, na hapa niwaseme wenzangu na mimi mwenyewe nikiwemo. Wakati wa uthamini tunampanga mwenye nyumba mbele ya mlango wake, tunampa kibao chenye namba ya nyumba akishike kifuani, tunapiga picha. Ukiziangalia picha hizo kwa makini, nyuma yake kwenye korido utaona mapazia ya vyumba sita yamefunuliwa kidogo, na kila pazia lina kichwa kinachochungulia. Hao ni wapangaji. Picha inakwenda kwenye taarifa na jina moja chini yake.

Kanuni zetu zimejengwa kumzunguka mwenye mali. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36, na anayehesabiwa ni yeye. Kwa biashara, kanuni inasema faida halisi ya mwezi mara 36, ithibitishwe na hesabu zilizokaguliwa, inapobidi na inapowezekana. Mama lishe akakaguliwe hesabu na nani? Lakini soma tena hayo maneno ya mwisho: inapobidi na inapowezekana. Mlango uko wazi kidogo. Masharti ya Benki ya Dunia yanaufungua zaidi, kwa sababu yanawataja waziwazi wapangaji na wanaopoteza riziki, hata kama hawana haki yoyote juu ya ardhi.

Kwa hiyo kusanya ulichonacho. Kitambulisho cha mjasiriamali kile cha Sh 20,000, kama ulikikata. Daftari la madeni, lile unaloandika "fundi Juma wali maharage", usilitupe. Lina tarehe, lina bei, linaonyesha unauza nini kila siku. Picha yoyote ya simu yenye sufuria zako na nyumba ile nyuma yake. Barua ya serikali ya mtaa kwamba ulikuwepo. Peleka lalamiko wewe na wenzako wa nyumba ile pamoja, na mtaje neno upotevu wa kipato. Siwezi kukuahidi shilingi. Ila asiyeandikwa mwanzoni akinyamaza, mradi utafungwa na taarifa itasema walioguswa wote wamelipwa.

*

*Mama, baba yetu alifariki 2009 akaacha nyumba Hananasif. Kaka mkubwa ndiye aliyeshika kibao, na pesa zimeingia kwenye akaunti yake. Sisi dada watatu na mama tumeambiwa tusubiri. Amenunua bajaji mbili. Tufanye nini?*

Msisubiri bajaji ya tatu. Aliyeshika kibao hawi mwenye nyumba kwa kushika kibao. Nyumba ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi kazi yake ni kukusanya na kugawa. Hajawa mrithi pekee kwa cheo hicho. Ulizeni kwanza: kaka alipewa usimamizi lini, na mahakama gani? Kama anayo barua, mahakama hiyohiyo imwite alete hesabu ya pesa. Kama hana, fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpelekeeni jina la msimamizi Mahakama ya Mwanzo, na siku hiyohiyo ombeni akaunti izuiwe. Mama yenu asikubali kuambiwa "wewe utakaa kwangu". Ana fungu lake, na kama nyumba waliichuma pamoja, ana zaidi ya fungu la urithi.

*

*Bi mthamini, nasoma safu yako kila mwezi na mara nyingi nakubaliana nawe. Ila hili la bondeni mnawadekeza watu. Naishi Upanga. Baada ya mafuriko ya 2011 walipewa viwanja Mabwepande, wakauza, wakarudi. Taka zote mtoni wanatupa wao. Jiji halina pa kupumulia, tukipata bustani ya maana kwa nini tuanze tena habari za huruma? Mvamizi ni mvamizi.*

Ndugu yangu wa Upanga, bustani naitaka kuliko wewe. Nimekulia Magomeni Mikumi, na tulikuwa tunakatisha Jangwani kwa miguu kwenda Kariakoo, kulia mpunga, kushoto mboga, katikati vijana wanacheza mpira. Mjukuu wangu leo anacheza kwenye maegesho ya magari. Mto uchimbwe, bustani ije, daraja liinuke ili barabara ya Morogoro isifungwe kila mvua inaponyesha. Nawaunga mkono wanaoujenga mradi huu na sioni haya kusema hivyo. Desemba 2011 walikufa watu zaidi ya 40 jijini hapa. Anayesema watu waachwe bondeni kama walivyo hakuwaona wale waliolala juu ya mapaa.

Lakini hilo la wavamizi na taka tulizungumze vizuri.

Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, huko Kisarawe, na unashuka kilomita kama 35 mpaka baharini pale Salenda, mlangoni kwako. Njiani unapita Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti. Kila paa jipya la huko juu, kila ua uliosakafiwa, kila barabara ya lami isiyo na mtaro wa maana, inamwaga maji yake mtoni kwa haraka zaidi kuliko zamani yalipokuwa yanazama ardhini. Wanaochimba mchanga kwenye kingo na vijito wanaulegeza udongo, nao unashuka. Ukifika Jangwani mteremko umekwisha, maji yanapunguza mwendo, mchanga unatua. Bahari ikijaa inausukuma mto urudi nyuma. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hata mwaka, maji yanatafuta pa kwenda, yanakwenda vyumbani kwa watu. Mwenye ghorofa Segerea anachangia mafuriko ya Suna pengine kuliko mtu wa Suna mwenyewe, na hakuna aliyempigia X ukutani.

Taka ni kweli wanatupa. Gari la taka halifiki kwenye vichochoro vile, hilo nalo ni kweli. Na maji meusi yanayotoka upande wa viwandani na machinjioni Vingunguti hayakutokana na ndoo ya mama yeyote wa Kigogo.

Na tukisema mvamizi, tuwe sawa. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 karakana yake ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani, kwenye bonde lilelile. Mwaka 2018 mabasi yakazama na maji, na mara baada ya mara abiria wa Kimara wakabaki vituoni. Ile karakana ilikuwa na wataalamu, michoro na vibali. Baba wa Suna alikuwa na mjumbe wa nyumba kumi aliyemwonyesha pa kujenga. Karakana inahamishiwa Ubungo Maziwa kwa utaratibu, na hakuna mtu aliyeiita mvamizi.

Mabwepande wapo waliouza, sikatai. Nilizungumza na mmoja wao, mbeba mizigo wa Kariakoo. Kazi yake inaanza saa kumi alfajiri, malori yanaposhusha. Kutoka Mabwepande hakuna daladala saa hizo, na kama angekuwa na nauli ya bodaboda ya kila siku asingekuwa anabeba mizigo. Kiwanja kilikuwa chake, kizuri, kimepimwa. Riziki ilikuwa Kariakoo. Akauza, akarudi kupanga chumba Mkwajuni, na Desemba 2015 mashine zikamkuta hukohuko. Mtu wa aina hiyo humwondoi bondeni kwa kumpa ardhi mbali. Unamwondoa kwa kumpa chumba cha bei anayoimudu karibu na kazi.

Wala usiniambie haiwezekani. Toka Jangwani, panda kidogo tu mpaka Magomeni Kota. Wakazi wale walivunjiwa nyumba zao, wakatangatanga miaka, watu wakasema hawatarudi. Ghorofa zikajengwa na kaya 644 zikarudishwa. Rais Samia alizizindua Machi 2022. Ilichelewa, ilikuwa na vurugu zake, lakini ni umbali wa kutembea kwa miguu kutoka bonde hili hili.

Kwa hiyo mimi mradi huu nitaupima kwa ardhi ile itakayoinuliwa pembeni mwa bustani. Zikijengwa nyumba pale, ni ngapi zitakuwa za watu wa kipato cha mbeba mizigo? Zikiwa zote za kuuzwa kwa wenye uwezo, tutakuwa tumewahamisha maskini kutoka kwenye maji ya Msimbazi kwenda kwenye maji ya mto mwingine, na wewe na mimi tutakuwa tunapunga upepo juu ya uwanja wa mtu aliyelipwa milioni 4. Swali hilo liulize na wewe, tena wewe ukiuliza kutoka Upanga watalisikia mapema.

*

*Hujambo mama? Nakusoma kutoka Nairobi. Mwaka 2024 mafuriko yalipoharibu Mathare, nyumba za kando ya mto zilibomolewa, tukaambiwa tutapewa shilingi 10,000 za kuhamia. Sasa kuna mpango wa kufufua Mto Nairobi, shilingi bilioni 50, rais aliuzindua Machi 2025. Mimi ni mpangaji. Kila mtu anazungumzia mita 30. Nyinyi huko Dar mna ushauri gani?*

Sijambo, mwanangu, na poleni. Mita 30 kwenu si kamba moja ya kila mahali. Kanuni zenu za maji zinazungumzia kuanzia mita 6 mpaka 30, kutegemea maji yanapofika. Kwa hiyo kabla hamjabishana na yeyote, ombeni muone alama: kipimo kimeanzia wapi, na nani alikipima.

Jambo moja mmetuzidi. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 40, inaruhusu fidia kwa mtu anayekaa kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Kwetu hilo tunalitafuta kwenye masharti ya mkopeshaji. Litumieni.

Ushauri ni huu: jihesabuni wenyewe mashine zikiwa bado mbali. Huko Mathare na Mukuru mwenye nyumba mara nyingi hakai hapo, na siku ya kulipwa yeye ndiye atakayekuja na karatasi. Nyinyi mlango kwa mlango andikeni jina, namba ya kitambulisho, idadi ya watoto, miaka mliyokaa, biashara ya hapo mlangoni. Nakala moja akae nayo chifu kwa muhuri, nyingine kanisani au msikitini, nyingine kwa mwalimu wa shule. Orodha inayoandikwa baada ya kubomolewa ina mizimu mingi: watu ambao hawakuwahi kulala pale hata usiku mmoja.

*

*Shikamoo mama. Nalima mchicha na matembele kando ya mto upande wa Tabata, na nina migomba. Eneo si langu, nililikuta wazi. Wakija kuthamini nitapata chochote?*

Marahaba. Ardhi huna, mazao unayo. Mchicha na matembele ni mazao ya muda mfupi, na desturi ni kupewa notisi uvune badala ya kulipwa. Mchicha wiki chache tu uko sokoni, kwa hiyo ukisikia tarehe usipande tuta jipya ukitegemea litathaminiwa. Migomba ni habari nyingine, ni zao la kudumu na lina bei kwenye jedwali la bei za mazao.

Kwa upande wa mchicha wako, nisamehe, mimi siununui. Unamwagilia maji yaliyopita viwandani, na wataalamu waliopima mboga za bonde hili wamekuta madini mazito ndani yake. Mradi ukikutoa hapo, dai kusaidiwa kupata shamba lenye maji safi; hilo pia ni riziki, na linaingia kwenye lalamiko kama nilivyomweleza mama lishe hapo juu.

Siku watakayokuja, uwepo mwenyewe. Wathamini wakichoka na jua huwa wanasimama barabarani na kuhesabu kwa macho. Waingize shambani. Migomba ihesabiwe shina kwa shina, hata yale ambayo hayajatoa mkungu, na kabla hujatia dole gumba soma walichoandika. Nimewahi kuona migomba ya mtu imeandikwa "vichaka".